Maelezo Chini ya Picha

Boksi la kumi na saba lilifika Dodoma kwa lori,
limefungwa kamba ya katani.
Wakubwa walikwishahamia, viti vyao vilikwishahamia,
hata saa ya ukutani, iliyogoma saa nne kasorobo,
ilihamia na kugoma kwake.
Picha ndizo zilizokuja mwisho.

Nikapewa mimi nizipange:
Damari Chilongani, ofisa habari daraja la pili,
binti wa dereva wa gari la sinema.

Baba aliiendesha Landrova ile Kongwa, Mvumi, Bahi,
tope la mbuga likiwashika hadi ekseli,
spika mbili juu ya paa kama masikio ya punda.
Na shuka. Lile shuka jeupe ndilo lililokuwa serikali.
Wakaonyeshwa josho la kuogeshea mifugo;
wazee hawakulitazama josho,
walimtazama ng'ombe, wakabishana hadi usiku wa manane
ni wa zizi la nani.

Kabla ya Landrova palikuwa na hema.
Wakati wa karanga, pale Kongwa,
Mzungu mmoja na taipureta yake, kila Ijumaa:
*Kazi inaendelea vizuri.*
Mvua ikapita mbali. *Kazi inaendelea vizuri.*
Udongo ukayang'oa matrekta meno.
*Kazi inaendelea.*
Nimelishika jalada lenyewe, lina vumbi jekundu kwenye mikunjo.
Sentensi ile haikufa naye:
ilivaa kaptula ya kaki, ikavaa kaunda suti,
leo ina beji shingoni.
Jana nimeiandika mimi, kuhusu kisima
kinachotoa upepo.

Lakini usicheke upesi.
Mwaka wa kipindupindu baba hakulala siku tisa.
Alizima ile kanda ya hotuba,
akashika kipaza sauti, akasema Kigogo cha nyumbani,
kwa sauti ya kuitia ng'ombe jioni:
chemsheni maji, jamani, chemsheni.
Na moshi ukapanda nyumba hadi nyumba.
Siku ile nadhani idara ilizaliwa,
ingawa haimo kwenye jalada lolote.

Sasa hii hapa, namba mia mbili na nne.
Watu wameketi chini, jua la utosi,
mwanamke mmoja kanyoosha mkono.
Nyuma, kwa wino wa bluu:
*Wananchi wakiunga mkono hoja ya kuhamia kijijini.*

Bangili ya shaba. Chapa ya mviringo kwenye paji.
Bibi yangu Mbeleje, aliyenizalia mama.

Alinisimulia akipepeta uwele, bila kuinua macho:
"Nilinyoosha mkono niulize habari za ndama.
Ndama wetu walibaki kule kwa zamani.
Kijana akanipiga picha,
akaniambia, shusha, mama, imetosha."

Maonyesho ni Ijumaa. Nimeukata ule mstari wa bluu,
nikaandika kwa penseli:
*Mbeleje binti Ndahani, Bahi, akiuliza.*

Bwana Kiondo kainama begani kwangu,
ananukia chai ya tangawizi.
"Akiuliza nini?"

Simu ikalia kabla sijajibu.
Mwandishi wa redio, sauti changa, ana haraka:
anataka kauli ya serikali juu ya kisima.
"Kazi," nikasema, "kazi ina..."

Bibi bado kanyoosha mkono.

"Haloo?" akasema yule kijana. "Haloo, dada, upo?"