Baki

Dada yangu ni daktari, lakini usimletee homa.
Mama Shaibu alikuja na mtoto anaharisha,
akarudishwa kwa upole: "Mimi natibu bei."
Mtemani nzima ilicheka mpaka Isha.

Karudi Wete, Mize binti Khatib Faki,
na viatu visivyopenda tope,
kuzihesabu karafuu zetu msimu huu.
Yeye chini, mimi juu ya mkarafuu,
ananiuliza kwa siku nachuma pishi ngapi,
nala nini, nikianguka nani hulipa.
Namjibu kwa mguu mmoja, wa pili unatafuta tawi.
Anaandika hata kimya changu.

Jioni tunachambua. Makonyo huku, karafuu huku,
dole gumba linanukia mpaka ndani ya chai.
Ananisimulia Java,
wanavyoiviringa karafuu ndani ya sigara:
wakivuna vizuri hawatujui,
wakikosa, hodi hodi.
Ananisimulia Wabrazili, Wahindi na ushuru wao,
nchi zilizokuwa zikiitwa changa
zikaota ndevu,
sasa zinatuita changa sisi.
"Na sisi tunamwita nani?" namuuliza.
Anacheka. Hilo haliandiki.

Umeme uliporudi akanionyesha jadwali.
Safu ya kwanza: zilizochumwa Mtambwe, miaka ishirini.
Ya pili: zilizopimwa kituoni,
kwa ile mizani ya karani ambayo marehemu baba
aliiita shairi bovu:
vina viko, mizani haitimii.
Safu ya tatu nyembamba, imejibana ukingoni:
Tofauti isiyoelezeka.

Kurasa arobaini kaandika juu ya safu hiyo,
kwa lugha ya watu walioshiba:
mkulima mdogo huitikia bei.
Walimu wake huko walimpigia makofi.
Mimi sikuzisoma. Nilisoma mstari mmoja,
mwaka ule,
kijiji chetu,
gunia kumi na moja.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilishika koroboi,
nikaizima nilipoambiwa.
Zilitoka kwa mlango wa jikoni, moja moja, kama wagonjwa,
na mama nyuma yake anafagia
punje zisije zikasema.
Ng'ambo, Kenya, bei ilikuwa mara tatu.
Baba alirudi na sare ya shule, moja, ya kimo cha Mize,
na ada ya miaka miwili ndani ya soksi.
Mimi nikapewa peremende, na amri ya kusahau.
Gunia la kumi na mbili lilikamatwa,
nalo likamkamata baba.
Miezi sita. Alitoka na kikohozi
ambacho hakikuitikia bei yoyote.

"Haya, daktari," nikasema, "hii ndiyo haielezeki?"

Aliitazama safu mpaka kioo kikazimika chenyewe.
"Naijua," akasema gizani.
"Niliivaa miaka minne.
Ningeiandika, ningemshitaki.
Ningeifuta, ningemwibia.
Nikaitafutia jina la kitabuni."

Sikuwa na jibu. Shuleni nilifika darasa la saba tu,
lakini hesabu ya kutoa naikumbuka:
unachora mstari, na chini yake
unaandika baki.
Nikaenda kulala.

Kesho yake saa nane wingu likatuvizia kutoka Gando.
Karafuu zote ziko nje, zimeshaanza kuwa nyekundu.
Daktari alitoka mbio, peku,
akashika ncha zake za jamvi, mimi zangu,
tukabishana pa kukunjia kama zamani,
nusu ya pishi ikamwagika njia nzima mpaka mlangoni.

Mvua ilipokatika nikamwona amechutama uani
na kanga ya mama kiunoni,
anaokota mpeta kwenye tope.
Nilimwuliza amepata ngapi.
Alisema hakuhesabu.