Mashtaka ya Kwanza

Gari lilikuja ndani ya robota la mitumba,
jekundu, la plastiki, taa moja imeng'oka.
Munduru akaliweka juu ya meza yangu
katikati ya redio zilizonyamaza.
"Adriko, miguu yake haikanyagi.
Ila mkono wa kushoto, akitaka, unapiga."

Akitaka.
Neno hilo nililifanyia kazi siku nne.

Nilikata waya wa kikanyagio kule chini,
nikaupandisha mpaka mbele ya kifua,
nikatafuta swichi isiyodai vidole:
mfuniko wa jerikeni, springi ya kalamu,
vipande viwili vya bati vinavyobusiana ukigusa.
Betri ya bodaboda, kuukuu, kwa bei ya kilo ya sukari.
Bomba la maji likawa uti wa mgongo.
Ndala za mke wangu (msimwambie)
zikawa mto wa shingo.

Miaka sita Ayikoru alikuwa anawekwa.
Aliwekwa mkekani, akabebwa, akalishwa enyasa,
akageuzwa kama chapati kila jua lilipohama.
Sarufi yake yote ilikuwa ya kutendwa.
"Kwenda" kilikuwa kitenzi cha watu wengine.

Mara ya kwanza niliunganisha nyaya vibaya.
Akapiga mfuniko, gari likarudi kinyumenyume
hadi kwenye beseni la muhogo, pwaa!
Nikainuka na bisibisi kurekebisha.
Akapiga tena. Kinyumenyume tena.
Akacheka hadi mate yakalowesha swichi,
nami nikaogopa shoti, nikacheka pia.
Basi siku ile mtaa wa Oli ulimwona akituacha
huku uso wake ukitutazama.

Kesho yake, nyaya zikiwa sawa,
Munduru alileta kamba.
"Funga hapa nyuma, niishike."
Sikubishana naye. Mama ni mama.
Nikafunga fundo
ambalo mimi mwenyewe nilijua litateleza.

Liliteleza Jumamosi.
Aliitwa mara tatu, hakugeuka.
Akapita kibanda cha kuchaji simu,
akapita wauza samaki wakavu, wakamsogezea vikapu,
akaingia uani kwa Hajati Zamzam,
akagonga birika, chai ikamwagika,
akachukua andazi.
Hakuomba. Alichukua.

Jioni Hajati akasimama mlangoni, mkono kiunoni:
"Munduru! Huyu mtoto wako mtundu!
Nimemwambia toka, ananitazama tu, anatafuna!"

Mimi nilikuwa pale nakaza parafujo, nikainamisha kichwa.
Miaka sita, hakuna jirani
aliyewahi kuja kumshtaki mtoto huyu.

Munduru akapangusa kiti kwa kanga yake,
akamsogezea mgeni, akaketi mbele yake
kama mtu anayesubiri habari za harusi.

"Anza mwanzo, Hajati," akasema.
"Polepole. Aliingiaje?"