Kiwiko cha Tatu

Saa tisa usiku, kinu cha ngano, Nakuru, upande wa reli.
Nyamweya ameegemeza bisibisi kwenye bomba,
mpini sikioni,
kama mkunga.
"Inakula," anasema.

Bomba hutoboka kama sweta ya shule:
kiwikoni kwanza.
Cha kwanza kimevumilia, cha pili pia.
Cha tatu, kule juu kwenye kona ya kuingilia ghala,
kina viraka vinne tangu Pasaka,
na bado kila asubuhi makapi
yametanda juu ya mabati.
Ngano ya Njoro, na mchanga wake.
Punje iliyokuja kusagwa
ndiyo inayosaga.

Lawama ni yangu. Februari bomba liliziba,
tukaligonga kwa nyundo hadi kukapambazuka.
Mwenda pole hajikwai, husema watu;
wangekuja waone ngano
ilivyolala humo ndani kama punda aliyegoma.
Bi Chelang'at akauliza mara moja tu, kwa upole,
"Ni nini?"
Upole ule ulinitisha.
Nikafungulia feni hadi mwisho:
mita thelathini na mbili kwa sekunde.
Halikuziba tena. Nikasifiwa.

Lakini mwendo hautozi kwa hesabu ya dukani.
Uuongeze mara mbili,
mkwaruzo hukujia mara nane
na kuuliza kama kuna kingine.
Tena hewa hutanuka njiani:
kwenye feni inatembea,
kwenye kiwiko cha tatu inakimbia,
na mimi nilikuwa nikipima kwenye feni.

Usiku huu napunguza.
Thelathini. Ishirini na nane.
Nyamweya kimya.
Ishirini na sita, na mngurumo unageuka mvua ya mbali.
Ishirini na tatu.
Ishirini na moja, na bomba linakohoa,
linanyamaza,
linakohoa tena.
"Hapo pana kaburi," anasema. "Rudi kidogo."

Ishirini na nne.
Mvua inarudi, nyepesi, haikatiki.

Naandika kwa chaki kwenye kabati la swichi:
24. Usiongeze bila kuniuliza.
Nyamweya anasoma, analamba kidole gumba,
anafuta neno la mwisho,
anaandika: kusikiliza.

Kisha anashuka ngazi kutafuta chai.
Kiraka cha tano
bado hakijachomelewa.