Mstari wa Fifi

Shangazi Nkwimba hafumi kwa wimbo.
Anafuma kwa hesabu, midomo ikitembea
kama ya mtu anayejikumbusha deni.

Kitanda chake cha mfumi kimebanwa kati ya kabati na dirisha,
nyumba ya tatu kutoka relini, Igoma,
na ukikigonga kwa goti usiku
mbao zinauliza: nani?

Mtande ni uzi wa dukani, wa Makoroboi,
maana uzi wa mkono hukatika ukivutwa sana
na yeye si mtu wa kujidanganya.
Lakini mshindio ni wake:
pamba ya shamba la Magu, iliyorudi nyumbani na aibu
msimu ule karani wa mzani alipotia mkono guniani,
akatoa kitonge cha rangi ya chai ya maziwa,
akasema, "Mama, hii fifi,"
akaandika nusu bei
bila kuinua macho.

Hakuuza.
Aliisokota miezi minne barazani,
vidole vikipasuka, akivipaka mafuta ya samli.

Juzi akaja bwana mmoja na daftari,
mstaarabu, viatu mkononi kwa sababu ya tope.
Akalipapasa shuka toka pindo hadi pindo,
akafika kwenye mstari ule wa manjano, akanyamaza.
"Na huu, mama, maana yake nini?
Alfajiri? Ziwa likipigwa na jua? Ukoo?"

Shangazi alihesabu kwanza hadi arobaini na nane.
"Maana yake mvua ilinyesha kabla hatujavuna."

Bwana akaandika. Nilichungulia:
*mvua — baraka.*
Nikafungua kinywa;
shangazi akanikanyaga kidole.
Akamuuzia lile jeupe, safi, lisilo na kisa,
kwa bei iliyomfanya karani, popote alipo, apige chafya.

La fifi alinipa mimi.

Nililivaa kwenye meli ya kwenda Nansio,
upepo wa ziwa ukinichapa nalo magotini.
Gatini, mama mmoja mwenye kapu la viazi,
simjui, hanijui,
alilishika pindo kwa vidole viwili,
akalisugua taratibu
kama anayepima unga wa mkopo.

"Mwaka ule," alisema.
"Hata sisi."

Akajitwika kapu lake, akapanda kilima.