Mbili Si Jina

Jumba la orofa sita, Tudor, nyuma ya kituo cha mafuta.
Kisima chini ya ngazi, tangi juu ya paa,
na baina yao pampu, na akili ya pampu
niliyoiandika mimi kwa lugha ngumu,
ile ipikwayo kwanza ndipo iliwe.

Orodha yangu ilikuwa fupi:
Imezimwa, Inavuta, Imejaa, Kavu.
Mashine ilitunza namba tu:
sifuri, moja, mbili, tatu.

Kioo cha ukutani kilikuwa cha Swabir.
Lugha yake nyingine, ya kutangaza:
huiambii fanya, waiambia iwe.
Rangi iwe kijani, hali ikiwa mbili.
Nikamuuliza, mbili ni nani?
Akacheka. "Imejaa. Nani asiyejua?"

Mwezi wa pili kisima kikashuka,
bahari ikaingia kwa mlango wa nyuma.
Tukafunga kipimo, nami nikaongeza neno
baada ya Inavuta, nikaona ndipo pake:
Chumvi.
Sikujua nimesukuma foleni.
Imejaa ikarudi nyuma hatua, Kavu ikafuata,
Chumvi ikaketi kwenye kiti cha mbili
kingali na joto la mwenziwe.

Kioo kikawaka kijani.
Mwachiro, mwangalizi wa jumba, akafungulia orofa zote.
Na siku tangi lilipojaa kweli kioo kikasema Kavu,
akaita bauza, maji yakashuka ngazi
kama mgeni asiyeaga.

Bi Shamsa wa orofa ya nne akanipigia:
"Mwanangu, chai hini mumeitia n'ni?"

Usiku ule niliisajili orodha, jina kwa jina,
nikakifungulia kioo dirisha
kione kilichopikwa kule ndani.
Kilikuwa na sharti: jina lianze kwa herufi kubwa,
kama la mtu. La herufi ndogo hakilitambui,
hukwambia halijulikani, kikanyamaza.
Swabir akafuta mbili zake (kumi na saba, tulizihesabu)
akaandika Hali, nukta, Imejaa.
Hali, nukta, Chumvi.
Sasa hata nikichomeka neno katikati
kila mmoja huitika kwa jina lake.
Nyanyangu hakuwahesabu wajukuu. Aliwaita.

Asubuhi nikapita. Mwachiro yuko chini ya kioo,
kioo chekundu, kimeandika wazi: Chumvi.
"Leo chasema kweli," akaniambia,
akabeba mtungi wake wa kununua
akapanda nao ngazi.