Jibu la Swali la Tisa

Swali la tisa: Eleza jinsi mhudumu wa mitambo
anavyotambua kuwa kisima kimeanza kuingiwa na chumvi.
Alama sita. Tumia mistari minne.

Nimeijaza minne, msimamizi.
Nimeandika mashine ya kupimia, daftari la kila alfajiri,
saa za pampu, kina cha kamba.
Sita zangu nitapewa.
Yaliyobaki hayakupata mstari.

Hakupata mstari Lali Kupi wa visima vya Shela,
miaka ishirini na sita funguo za pampu kiunoni,
aliyekinga maji kitangani kabla jua halijapanda mchanga,
akasukutua, akatema, akasema:
"Cha nne kipumzike. Mai yamekuya na bahari."
Na cha nne kikapumzika.
Mwenye hoteli akipiga simu, bwawa la wageni limefika nusu,
Lali humjibu: bwawa lisubiri,
kisima hakina pacha.

Hakuwa na cheti. Ulimi ulikuwa cheti.
Klorini aliipima kwa pua, amefumba jicho moja
kama mtu anayenusa maziwa ya jana.
Kwao mama, Mkomani, mlikuwa na birika
na samaki wadogo wa kula viluwiluwi;
samaki akielea ubavu, nyumba nzima haikunywa.
Tulidhani hivyo ndivyo maji yanavyolindwa:
samaki, ulimi, na Mungu.

Mwaka wa ile homa Lali alilala siku nne.
Ya tano akarudi, akakinga, akasukutua,
akatema.
Nilikuwa nimeshika ndoo ya dawa, nangoja neno.
"Sawa," akasema.
Siku kumi na moja alisema sawa.

Ya kumi na mbili mwanamke wa Langoni alileta chai bandani,
kikombe kimefunikwa kisahani,
akakiweka mezani bila salamu.
Nikaonja. Ilikuwa na sukari, na ilikuwa na chumvi.
Lali akaonja.
Akanitazama mimi, hakukitazama kikombe,
nami nikajua kwamba yeye alikuwa ameshajua.

Pua nayo.
Watoto tisa wa kichochoro kimoja matumbo yaliwaendesha,
pale ambapo shimo la choo na bomba letu
vimelala kitanda kimoja.
Wote walipona. Nasema wote
kwa sababu Lali alikwenda mlango kwa mlango, akibisha, akihesabu,
na kwenye kila mlango alisema: ni mimi.
Mlango wa saba hawakumfungulia. Alirudi kesho yake.

Kisha akavua funguo.
"Ulimi hauachwi wosia," akaniambia. "Nenda Malindi,
ukaandike."
Nikamwambia karatasi haikijui kisima cha nne.
Akasema: "Hata samaki wa birika
hakulijua jina la mama yako."

Ndiyo maana niko hapa, dawati la kumi na tatu,
katikati ya vijana wa mabwawa ya majitaka
wanaojua kugawanya lita kwa gramu bila kuhesabia vidole.
Mimi nilihesabia vidole. Jibu limetoka lile lile.

Kengele imelia, kalamu naiweka.
Cheti, nikikipata, kitakuwa na muhuri na namba,
na pembeni, kwa herufi ndogo, tarehe ya kwisha:
miaka mitatu, halafu urudi upimwe.
Ulimi wa Lali haukuandikwa tarehe.
Hiyo tu ndiyo niliyoifuata safari hii yote.

Najua atakuwa bandani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
funguo hana, desturi anayo.
Ataniuliza cha nne kimeamkaje.
Sitamwambia sawa.
Nitamsomea namba.