Hamira ya Mlimani

Kodi ya duka la Maabela ilipopanda mara ya tatu
Harith alishusha shata kwa mkono mmoja,
mkono wa pili kampakata Azzan, miezi minane,
akasema: Basi. Na sisi tunapanda.

Tanuri tulilifunga kamba nyuma ya pikapu
kama ng'ombe anayepelekwa kwa mahari,
magunia ya unga yamelibana huku na huku,
masinia, mizani, kibao chenye jina la duka
ambalo huko tuendako halimjui mtu.

Birkat al-Mauz, pale barabara inapoanza kusimama,
askari aliyakagua magurudumu manne, kisha tanuri.
"Hii nini?"
"Mkate," akajibu Harith.
Askari akacheka, akainua kizuizi.

Kona. Kona. Gia ya kwanza.
Klachi inanuka kama chapati iliyosahauliwa.
Rayya, miaka sita, akajishika masikio:
"Mama, kuna mtu amefunga mlango ndani ya kichwa changu."
Kisha akatapika ndani ya kofia ya baba yake.
Na huko nyuma pakiti za hamira zinavimba
moja baada ya moja,
zimekaza kama matumbo ya wenye siri.

Babu yake Harith alishuka njia hii hii, mwaka wa njaa,
punda mmoja, mke mmoja, tende za siku nne,
hata akafika Unguja akauza sukari na mafuta ya taa.
Ndiyo maana ndoto zangu ni za Kiswahili
na Kiarabu changu kinachechemea sokoni.
Nilimtajia jina lake Bi Moza, jirani yetu wa Saiq.
Alifikiri, kisu kimetulia juu ya komamanga.
"Walioshuka walikuwa wengi," akasema,
"na waliobaki walikuwa na zamu ya maji ya kuiwahi."

Asubuhi ya kwanza unga uliumuka kabla sijakunja msala.
Nikafurahi, mjinga mimi.
Ndani ya tanuri ukapanda, ukapanda, ukajiona,
kisha ukabomoka katikati
kama paa la nyumba iliyohamwa.
Mikate thelathini, yote ina shimo tumboni.
Asubuhi ya pili, vile vile.
Ya tatu Harith aliula mmoja, kimya, kwa chumvi,
hadi kombo la mwisho.

Chai huku inatokota upesi lakini haichomi ulimi.
Nimejifunza kutoyaamini mapovu.

"Hewa yetu haibani kitu," Bi Moza akaniambia mlangoni,
akafumba kiganja, akakifumbua.
"Ukikiachia, kinajivuna."

Nikafungua daftari la marehemu mama,
ukurasa wenye doa la samli:
*hamira, kijiko kimoja*, mwandiko wake umelalia kulia.
Nikaukata kwa kalamu. Mkono ukatetemeka
utadhani nafuta jina lake.
Nusu. Maji yaongezwe kidogo. Moto uzidi.

Leo mikate kumi na mmoja imesimama.
Mwalimu kachukua mitatu, mwanajeshi wa kambini minne,
mzee wa marashi miwili, kalipa kwa chupa ya maji ya waridi,
wala sijui nani kati yetu kapunjika.
Rayya aliacha bakuli la maji nje usiku kucha;
karudi na kipande cha barafu mkononi,
analia kwa kuwa kinamuuma
na hataki kukitupa.

"Tumekosea?" Harith anauliza,
anapanga baiza mezani, anazipanga tena.
Natazama mtungi wa gesi: robo.
Natazama unga wa kesho chini ya kitambaa,
unapumua polepole, safari hii polepole.
"Funga mlango," namwambia.
"Baridi inaingia."